Kitone Cheusi kwenye Mpira wa Magesa

Siku ya tatu baada ya kumzika Baba Mkubwa Magesa nilikuwa Bunda, kwenye duka la vifaa vya ujenzi nyuma ya stendi, natafuta bawaba za kabati. Kijana wa dukani akachana boksi la msasa mpya, na ile harufu ya gundi kavu na vumbi ikanipiga puani. Nikakaa juu ya ndoo ya rangi. Kijana akadhani ni presha, akanikimbilia na maji ya chupa. "Pole mama, ni hili jua," akasema, nami nikaitikia kwamba ndiyo, ni jua. Uongo nauwezaga tangu mdogo, kama mtakavyoona.

Ng'ambo ya barabara vijana walikuwa wanacheza pool chini ya turubai. Mmoja akampigia mwenzake kelele: "Njoo nikufundishe biliadi wewe!" Weee! Nikasahau presha yangu ya uongo, nikataka kuvuka barabara nimwambie, mwanangu, hiyo si biliadi, na mbele ya baba yangu usingethubutu kuiita hivyo. Baba yangu, Mzee Shabani, fundi makochi wa Nyasho pale Musoma, ni mpole kwa kila jambo isipokuwa hilo. Ukimkanyaga mguu anakuomba radhi yeye. Lakini zamani hizo, ukiiita pool kila meza yenye kitambaa cha kijani, alikuwa anaweka mkasi chini na kukusomesha mpaka chai yako ipoe.

Somo lake nalijua lote. Pool, alikuwa anasema, ni ya meza ndogo. Mpira mweupe ni mmoja, mnaupiga wote kwa zamu. Mingine ni kumi na mitano: saba yako, saba ya mwenzako, na mweusi mmoja wa mwisho. Ukimaliza saba yako ukautumbukiza na mweusi, umeshinda, aje anayefuata. Snuka ni ya meza kubwa, urefu karibu mara mbili, na mashimo yake yana roho mbaya, mpira ukikosea kidogo tu yanautema. Mweupe ni mmoja vilevile, ila kuna myekundu kumi na mitano na ya rangi nyingine sita. Unatumbukiza mwekundu, ndipo unaruhusiwa wa rangi, na wa rangi unarudishwa mezani mpaka myekundu yote iishe. Kule mshindi ni mwenye pointi nyingi, hata kama mpira wa mwisho katumbukiza mwenzake.

Halafu alikuwa anafika kwenye biliadi, na hapo sauti inashuka. Meza ni ileile kubwa ya snuka, lakini mipira ni mitatu tu: mwekundu mmoja na myeupe miwili. Kila mchezaji ana mweupe wake, haazimani na mtu. Pointi unapata kwa kutumbukiza, au mpira wako ukigusa mingine yote miwili, au hata mpira wako wenyewe ukigusa mwingine kisha ukaingia shimoni, jambo ambalo kwenye pool ni kosa. "Na ili myeupe hiyo isichanganyike," alikuwa anamalizia, "mmoja unawekewa kitone cheusi." Mteja alikuwa anashukuru kwa adabu na kuuliza kochi lake litakuwa tayari lini.

Mimi hicho kitone nakifahamu kuliko yeyote, maana mimi ndiye niliyekiondoa. Ngoja niwaeleze vizuri, kwa sababu kwa zaidi ya miaka ishirini sikumweleza mtu.

Baba na Baba Mkubwa Magesa hawakuwa ndugu wa damu. Walikutana vijana kwenye klabu moja ya zamani karibu na ziwa, Baba akifuta meza na kuhesabu pointi za wakubwa, Magesa akiwa jikoni. Wakubwa wakiondoka, wao wanacheza. Klabu ilipokufa na paa kuanza kutoboka, vitu vikagawiwa, viti huku, makabati kule, lakini ile meza kubwa hakuna aliyeitaka. Nani atabeba mawe matano yaliyo chini ya kitambaa, na miguu minane? Wakaichukua wao wawili, kipande kwa kipande, kwa mkokoteni, mpaka ghala moja la pamba lililokuwa limeachwa, ambalo Baba aligeuza kuwa karakana yake. Mipira ya snuka ilikuwa imeshaibwa kitambo. Ikabaki mitatu ya biliadi ndani ya kiboksi cha mbao.

Watoto wenzangu walikuwa wananitania hiyo mitatu. "Baba yako kaibiwa mipira, anacheza na mabaki!" Nilipigana mara mbili kwa ajili hiyo, na mara zote mbili nilipigwa mimi. Ukweli ni kwamba kwa muda mrefu hata mimi niliamini biliadi ni snuka ya watu maskini, na nilimwonea Baba huruma kimyakimya.

Magesa alikuwa amerudi kwao Butiama, kulima na kufuga, lakini kila Jumamosi alikuja na basi la kwanza, kibuyu cha maziwa mgando kwapani. Mama alikuwa anamkaangia sato. Nikimsalimia, "Shikamoo Baba Mkubwa," ananijibu, "Marahaba mama, hujaolewa tu?" na mimi niko darasa la tatu. Kutwa nzima karakana ilikuwa yao. Baba alikuwa na mweupe usio na alama, Magesa alikuwa na wenye kitone, tangu ujana wao, na hawakuwahi kubadilishana. Walikuwa wananiruhusu kupiga mpira mmoja mmoja, nimesimama juu ya kreti, Magesa akinielekeza fimbo: "Taratibu mama, huo mpira haujakukosea kitu." Sijawahi kupenda siku kama nilivyozipenda Jumamosi zile. Nikisema hivyo simwonei mume wangu wala watoto wangu, ni ukweli tu.

Siku za katikati ya wiki nilikuwa na kazi yangu, na nilijivunia. Kabla kochi halijapigwa vanishi, mbao za mikono lazima zilainishwe kwa msasa, na Baba aligundua nina mkono mzuri. Palipokuwa na doa la kutu au la mafuta, alikuwa anawaambia mafundi wake, "Hapo mwachieni Zaina." Nilikuwa nafuta doa mpaka huwezi kujua lilikuwa wapi. Kwa akili yangu ya wakati ule, duniani hakukuwa na ubaya usiotoka kwa msasa.

Sasa, wa rika langu mnakumbuka pool ilivyoingia kwetu. Ghafla kila grosari ina meza, kila kijana ana chaki nyuma ya sikio. Baba alipata kazi nyingi za kubandika vitambaa. Ndipo akaja bwana mmoja wa Bunda, mwenye baa, na futi yake ya kupimia. Akaizunguka meza yetu, akapima mawe, akasema akiikata inatoka pool mbili nzuri kabisa, na bei aliyotaja ilimfanya Mama atoke jikoni kuja kusikiliza. Baba alitaka kuuza. Alihitaji cherehani ya vitambaa vizito, ile aliyokuwa nayo ilikuwa inakata uzi kila dakika. Lakini meza ilikuwa ya watu wawili.

Jumamosi akamwambia mwenzake. Magesa alipiga mpira wake kwanza, akaungojea usimame.

"Shabani, ukilikata hili jiwe, mimi Musoma nitakuwa nakuja kufanya nini?"

"Utakuja kunisalimia, kaka."

"Kusalimiana ni dakika tano, bwana."

Walibishana mpaka sato akapoa. Mwishowe wakakubaliana kama walivyokuwa wanamaliza mabishano yao yote: Jumamosi inayofuata wacheze, wa kwanza kufikisha pointi mia mbili ndiye mwenye neno. Baba akishinda, meza inauzwa. Magesa akishinda, haiondoki, na suala hilo lisizungumzwe tena.

Magesa alikuwa ameshindwa Jumamosi nyingi kuliko alizoshinda, hilo nililijua. Na siku ile, alipokuwa anarudisha mipira kwenye kiboksi, aliuinua wake kwenye mwanga wa dirisha akanitania: "Unaona mama baba yako alivyo? Yeye kachukua mpira msafi, mimi kaniachia wenye doa. Miaka yote hii nitashindaje?" Wakacheka wote wawili. Mimi sikucheka. Nilisimama pale kama mtu aliyefunuliwa siri. Kumbe ndiyo maana anashindwaga!

Jumatano Baba alienda kupeleka kochi Mwisenge, na mafundi walikuwa nje wanakula. Nikafungua kiboksi. Kitone hakikuwa cha rangi ya juu kama nilivyodhani, kilikuwa kimezama ndani ya mpira. Nikaanza na msasa mkali, nikaenda na laini, nikarudi kwenye mkali. Nilisugua mpaka vidole vikapata moto. Kilipotoka chote nikaupaka mpira mafuta ya nazi kidogo, nikaung'arisha kwa kipande cha kitambaa cha kochi, ukawa mweupe pee. Sikumwambia mtu, kwa sababu ilikuwa zawadi. Usiku nilishindwa kulala kwa furaha, nikiwaza Baba Mkubwa atakavyofurahi. Namwonea huruma mtoto yule hata leo, ingawa ndiye aliyenifikisha hapa.

Jumamosi walipofungua kiboksi walitazama, wakatazamana.

"Kitone kimeenda wapi?" Baba akauliza.

"Kimezeeka kama sisi," akajibu Magesa, wakacheka. Mimi nikabana meno nisiseme, nikitaka ashinde kwanza ndipo nimwambie. Baba akachukua mpira mmoja, akamsogezea Magesa mwingine bila hata kuangalia. Na kati ya mipira miwili, aliompa ni ule niliousugua.

Haukwenda sawa hata mara moja. Ulianza vizuri, halafu ukikaribia kusimama unapinda kushoto kama mlevi anayetafuta mlango. Magesa kwanza alilaumu sakafu, kisha macho yake, kisha akavua koti. Baba alikuwa anapata pointi tu, na alikuwa na furaha, simfichi, maana mtu akicheza anataka kushinda. Alipofika mia na arobaini Magesa alikuwa hata sitini hajafika. Hapo Magesa akauchukua mpira wake mezani, akaupitishia kidole gumba polepole. Akakisimamisha, akaupitishia tena.

"Shabani. Huu mpira umepigwa msasa."

"Msasa? Acha maneno, kaka."

"Shika."

Baba akaushika. Mkono wa fundi haudanganyiki, nilimwona uso ukibadilika. Magesa akatazama ukutani, kwenye misumari ambako karatasi za msasa zilikuwa zimetundikwa kwa ukubwa wake.

"Humu ndani nani mwenye msasa?" akauliza, kwa sauti ya chini sana.

Baba akanigeukia. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonimaliza. Alikuwa ananitazama kwa upole uleule aliokuwa nao akinipa doa la kufuta. "Zaina mwanangu, umegusa mipira?"

Watu wazima hujiuliza kwa nini watoto hudanganya hata pasipo fimbo. Baba hakuwahi kunichapa. Ila nilikuwa nimeuona uso wa Baba Mkubwa, nao haukuwa uso wa mtu aliyepewa zawadi. Nikajua, bila kuelewa vizuri, kwamba nikisema ndiyo, uso ule utanigeukia mimi. Nikasema, "Hapana, baba."

Neno moja. Baba akashusha pumzi. "Umesikia, kaka. Mtoto huyu hajawahi kunidanganya hata siku moja. Na mimi nakuapia, wallahi, sijagusa huo mpira."

"Basi msasa umetembea wenyewe," akasema Magesa.

Akaitundika fimbo yake mahali pake, akaisawazisha. Akavaa koti, akachukua kibuyu. Mama alikuwa anaingia na sinia. "Shemeji, chakula hicho!" Akajibu, "Nimeshiba, shemeji," na alikuwa hajala kitu tangu Butiama. Alipopita mlangoni aliniwekea mkono kichwani kama siku zote. Basi lake lilikuwa la jioni na ilikuwa ndiyo kwanza adhuhuri, akaenda kulingojea stendi. Hakurudi tena.

Baba hakuiuza meza. Bwana wa Bunda alikuja mara mbili, akakataliwa mara mbili, akaenda kununua pool zake Mwanza. Baba alimtumia Magesa ujumbe kwa kondakta kwamba meza ipo, aje aitazame, haijaguswa. Hakukuwa na jibu. Mwaka ulipopita akalaza mbao nyepesi juu ya kile kitambaa cha kijani, na ikawa meza ya kukatia magodoro ya makochi. Jumamosi alikuwa anafanya kazi kama siku nyingine. Mteja akiiita pool hamsahihishi.

Mtaniuliza, Zaina, kwa nini hukusema baadaye? Nilitaka. Wallahi nilitaka. Nilipokuwa kidato cha tatu nilipanda basi mpaka Butiama bila ruhusa. Nilimkuta Baba Mkubwa shambani, akaegemea jembe akanitazama, akasema, "Mama, umekuwa mkubwa hivi?" Akanipa uji. Akaniuliza masomo, akaniuliza Mama, akaniuliza mpaka yule paka wetu. Nilikuwa namngojea amtaje Baba ili nipate pa kuanzia, na hakumtaja. Nikarudi na mfuko wa viazi vitamu. Alinisindikiza mpaka barabarani, akanipakia, hakutuma salamu.

Na kumwambia Baba ilikuwa ngumu zaidi kila mwaka. Fikirieni, alikuwa amempoteza rafiki kwa kuniamini mimi. Nikimwambia nilidanganya, anabaki na nini? Siku ya harusi yangu alisimama mbele ya watu, akamwambia mume wangu, "Nakukabidhi mtu asiyesema uongo." Wageni wakapiga makofi. Kwenye picha nimeinamisha kichwa, na shangazi zangu mpaka leo wanasema ilikuwa haya ya bibi harusi.

Habari ya msiba ilipokuja nilimpeleka Baba Butiama kwa gari la kukodi. Alikaa na wazee, akala walichokula, akatupia udongo wake kaburini. Mtoto mkubwa wa marehemu alikuja kumsalimia kwa heshima. "Mzee hakucheza tena," akasema. "Tulimwekea pool pale senta, tukadhani atafurahi. Alikuwaga anapita tu, hata kuigusa hakuigusa." Baba akaitikia kwa kichwa. Njiani kurudi, tulipokuwa tunaingia Musoma, akasema tu kwamba mahindi ya kule mwaka huu yamekubali.

Ndiyo maana ule msasa wa Bunda ulinikalisha chini. Nilirudi siku ileile, nikaenda moja kwa moja kwa Baba. Alikuwa kibarazani, kwenye kochi alilojitengenezea mwenyewe. Nilimweleza wima, bila kukaa, kuanzia utani wa Magesa dirishani mpaka mafuta ya nazi. Nilimwambia, "Baba, nilitaka ashinde." Nilikuwa nalia, mwanamke mzima mwenye watoto wanne.

Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Ulipoenda kwake ukiwa shule, hukumwambia?"

Sikujua kwamba alijua nilienda. "Sikumwambia, baba."

"Kwa hiyo kaka Magesa kafa anajua ni mimi."

"Ndiyo, baba."

Niliomba moyoni anigombeze, anifukuze, aniite jina lolote. "Nilimwapia," akasema, wala hakuwa anasema na mimi.

Adhana ya alasiri ikasikika. Tangu mikono yake ianze kutetemeka, nikiwa pale kazi ya kummiminia maji ya udhu ni yangu, na wajukuu wanajua hawaruhusiwi kuninyang'anya. Nikaenda ndani, nikajaza birika, nikainama mbele yake kama kawaida. Baba akalichukua birika mkononi mwangu, taratibu, bila hasira, akaanza kujimiminia mwenyewe, na maji mengi yakawa yanamwagika chini.